Sikio la baba halikufia Lukaya

Nilikuwa nimeshamaliza kusoma wasifu wa marehemu. Karatasi nimeikunja mara nne, natafuta pa kuichomeka kwenye kitenge, na msemaji wa familia ameshashika kipaza sauti anapanga watu wa kuaga. Upande wa kulia wa turubai walikaa wazee wa kiwandani, saba au wanane, wamevaa makoti yanayonuka kabati. Mmoja wao akainua uso, akamtafuta kwa macho bibi aliyekaa na kina mama kwenye mikeka, ng'ambo ya ua, hatua kama thelathini. Kwaya inaimba. Spika zinakoroma. Kule nyuma kina dada wanaburuta masufuria.

Akamwambia kitu, bila kutoa sauti.

Nadhani hakuna mwingine aliyeona. Mimi niliona kwa sababu nimekulia kwenye nyumba ambayo nusu ya mazungumzo yake yalikuwa ya namna hiyo. Nilimsoma mzee yule kama ninavyosoma ujumbe wa simu.

"Siyo vita," alisema. "Mashine."

Bibi akafumba macho, akaitikia kwa kichwa.

Jioni ile tukamzika baba makaburi ya Segerea. Wiki sita zimepita. Nimerudi kazini, tumelipa madeni ya msiba, nguo zake zimegawiwa. Maneno yale bado yananiamsha usiku.

## Sentensi niliyoisoma

Nilichosoma mbele ya watu ni hiki: "Mwaka 1979 marehemu alishiriki Vita vya Kagera, na katika mapigano ya Lukaya aliumia masikio kwa mlipuko wa kombora, ulemavu aliouvumilia hadi mwisho wa maisha yake." Niliiandika mwenyewe, saa nane usiku, kwenye meza ya mama, kwa mwanga wa simu. Sikubuni. Niliandika tulichokuwa tunakijua.

Mtaa mzima pale Vingunguti ulikijua. Ukimwita baba akiwa amekupa mgongo asigeuke, mtu mzima aliye karibu atakwambia: msogelee mwanangu, sikio la baba yako lilibaki Uganda. Kaka yangu alipigana darasa la tano na mtoto aliyemwita mwana wa kiziwi, na mwalimu, badala ya kuwachapa wote wawili, alimsimamisha yule mwingine mbele ya darasa akamweleza kwamba kuna viziwi wa kuzaliwa na kuna viziwi waliolipigania taifa. Kaka alirudi nyumbani siku hiyo anatembea kama anakagua gwaride.

Na vita yenyewe baba aliisimulia waziwazi. Alikuwa mgambo wa kiwandani. Alichukuliwa mwishoni mwa 1978, wiki chache baada ya Mwalimu kulitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Akavuka Mto Kagera, akafika Masaka, na mwezi Machi akajikuta Lukaya, kwenye ile barabara inayopita katikati ya kinamasi. Brigedi ya 201 ilikuwa imejaa mgambo kama yeye, watu waliotoka kwenye mashamba na viwanda miezi michache tu nyuma. Tarehe 10 Machi wakakutana na jeshi la Amin likiwa limeongezewa Walibya, makombora yakaanza kumiminika, na brigedi ikavunjika.

"Tulikimbia," baba alikuwa anasema. "Mimi nilikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki kwenye tope, na sikurudi kukifuata."

Kesho yake walirudi kupigana, na mwezi mmoja baadaye Kampala ikaanguka. Lakini yeye sehemu aliyoipenda kuisimulia ni ile ya kiatu. Nadhani alitaka tujue kwamba mtu anaweza kukimbia leo na kesho akarudi palepale.

Nimekaa wiki hizi nikijaribu kukumbuka masimulizi yake yote, moja moja. Hakuna hata moja ambalo alisema masikio yake yaliumia Lukaya.

Tulisema sisi. Yeye alinyamaza.

## Baba, mama, papa

Simama mbele ya kioo useme "baba" bila sauti. Kisha sema "mama". Kisha "papa". Midomo inafanya kitu kilekile. Msomaji wa midomo hana namna ya kuyatofautisha maneno hayo isipokuwa kwa kuangalia unamtazama nani ukiyasema. Nyumbani kwetu jambo hili lilikuwa sehemu ya maisha. Nikisema "mama" nikiwa nimeelekea upande wa baba, anaitika yeye, na mama jikoni anacheka.

Tulifundishwa kusema tukimtazama, tusizibe mdomo kwa mkono, tusitafune. Baba naye alikuwa akituma maneno kutoka ng'ambo ya barabara, bila sauti, pale kwenye stendi ya daladala yenye makonda kumi wanaopiga kelele. Niwekee maji. Nimepata sukari. Mwambie mama nachelewa. Ilikuwa kama kuwa na redio ya familia peke yetu.

Kuna jambo moja lililokuwa linaniumiza, na sijawahi kuliandika popote.

Kaka yangu alipokuwa mkubwa na sauti yake ikawa nzito, baba alianza kumsikia. Si vizuri sana, lakini alimsikia hata akiwa hamtazami. Kaka akisema jambo mezani, baba anageuka. Mimi nikisema, hageuki. Sauti yangu ni nyembamba mpaka leo. Nilirudia, nikapaza, nikapiga meza. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili niliamua kwamba baba ana masikio ya mtoto wa kiume tu, na kuanzia hapo nikaacha kumsemesha kwa sauti. Nilitumia midomo. Kwa miaka mingi, nadhani mpaka nilipoolewa, baba yangu na mimi tulizungumza bila sauti hata tukiwa wawili chumbani na kimya kimetanda.

Baada ya msiba nilimtafuta mtu ninayemfahamu anayefanya kazi ya kupima masikio. Nilimweleza kila kitu: masikio yote mawili, yalikufa polepole, sauti nzito zinapita na nyembamba hazipiti. Aliuliza swali moja tu. Alifanya kazi gani?

Alinieleza kwamba risasi na mlipuko mara nyingi huumiza sikio moja kuliko jingine, lile lililoelekea kishindo, na huumiza siku hiyohiyo. Kelele ya mashine hula yote mawili kwa pamoja, kwa miaka. Nayo huanzia juu, kwenye sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000. Hapo ndipo zinapokaa sauti za s, f, sh na th. Ndipo maneno ya wanawake na watoto yanapoanza kupotea vipande vipande, wakati sauti nzito ya mwanamume bado inapenya.

Nilimshukuru, nikatoka, nikakaa ndani ya gari nusu saa bila kuliwasha.

## Mama hakuulizwa

Nilikwenda kwa mama Jumamosi iliyofuata. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, baba alianza lini kuwa hasikii.

"Nilimpata 1980, ametoka vitani," akasema. "Alikuwa anasikia. Nikimwita usiku kwa kunong'ona, anaitika. Kaka yako akilia chumba cha pili, yeye ndiye anayeamka kwanza."

"Na baadaye?"

"Baadaye wewe ukazaliwa, na wewe ukilia ikawa naamka mimi."

Kaka alizaliwa 1981. Mimi 1984. Nikamuuliza kwa nini miaka yote ile hakumwambia mtu. Akaendelea kuchambua, akatoa kijiwe, akakitupa.

"Hakuna aliyeniuliza. Na watu walikuwa wanamheshimu."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa ukubwa wa kile nilichokisoma pale msibani. Hata hivyo sitaki kujifanya nina jibu safi. Huenda Lukaya ilianza na kiwanda kikamaliza. Mtu anayefyatua bunduki mwaka mzima na kunyeshewa makombora hawezi kutoka na masikio mapya. Ila mama alilala naye kitanda kimoja, na mama anasema alirudi anasikia.

## Robo saa

Kiwanda nitakiacha bila jina. Kilikuwa kimojawapo cha viwanda vya nguo vya umma vya miaka ile, wakati ambapo nchi ilikuwa imejenga Urafiki pale Ubungo kwa msaada wa China, Mwatex kule Mwanza, na vingine Musoma, Tabora na Morogoro. Wazo lilikuwa jema na bado naliona jema: pamba yetu isiondoke ikiwa marobota na kurudi ikiwa kanga. Baba alizaliwa Usukuma na kupalilia pamba kwa jembe la mkono tangu akiwa mtoto. Mwaka 1972 alipoajiriwa Dar es Salaam na kuona uzi wa kwanza ukiingia kwenye mtambo wake, aliniambia, alijisikia kama mtu aliyemfuata mtoto wake mjini akamkuta anasoma shule nzuri.

Idara yake ilikuwa ya ufumaji. Mashine zile za zamani zina kipande cha mti chenye uzi ndani yake, nacho kinarushwa kulia na kushoto, zaidi ya mara mia kwa dakika, na kila kikifika mwisho kinagonga. Mashine moja inagonga. Weka mamia yake kwenye banda moja lenye paa la bati.

Vipimo vilivyofanywa nchi nyingi kwenye mabanda ya mashine za aina hiyo vinazunguka kwenye desibeli 95 hadi zaidi ya 100. Kiwango kinachokubalika kwa saa 8 za kazi ni desibeli 85, na kila zinapoongezeka 3, muda salama unakatwa nusu. Piga hesabu mpaka 100.

Inabaki robo saa.

Baba alikaa humo saa nane kila shifti, siku sita kwa wiki. Ndiyo maana walijifunza kusema kwa midomo. Hakuna aliyewafundisha. Anayeingia mgeni anapewa wiki mbili, na baada ya hapo anajua kuuliza saa ngapi, kuomba uzi, kumsema msimamizi akiwa amesimama palepale. Na walipoona masikio yanawalia mluzi usiku, walichukua kilichokuwepo. Waliokota pamba ya taka sakafuni, wakaisokota kidogo, wakaziba masikio kwa pamba. Yule mtaalamu aliniambia pamba ya kawaida haizuii chochote cha maana.

## Ajenda namba tano

Tulipokuwa tunapanga vitu vyake nilikuta kaunta buku tatu zimefungwa kwa uzi wa kiwandani. Nilidhani ni za madeni. Ni kumbukumbu za vikao vya tawi.

Baba alichaguliwa kwenye uongozi wa tawi la JUWATA, Jumuiya ya Wafanyakazi wa Tanzania, mwaka 1983, na baadaye akawa mwenyekiti. Kwa watoto wake hili lilikuwa jambo la kuchelewa kurudi nyumbani tu. Hatukuwahi kuuliza anafanya nini huko. Vita ilikuwa na ramani, ilikuwa na adui mwenye jina. Kikao cha tawi kina nini?

Nimezisoma zote tatu. Sehemu kubwa ni kesi za watu. Mfumaji amekutwa amelala shifti ya usiku. Mama mmoja amekatwa siku tatu, mtoto alikuwa amelazwa. Kijana ametuhumiwa kutoka na kipande cha doti kiunoni. Wakati ule mwajiri hakuweza kumfukuza mtu hivihivi bila kamati ya wafanyakazi kusikia shauri lake, na baba ndiye aliyekaa upande wa mshitakiwa. Mwandiko wake ni wa mtu wa darasa la saba, wima, hakuna neno lililokatwa. Baada ya kila kesi ameandika "amerudi kazini" au "ameondoka". Nilihesabu waliorudi. Ni wengi kuliko walioondoka.

Halafu kuna kitu kinachojirudia. Mara ya kwanza ni 1984: "Ajenda ya 5. Viziba masikio kwa idara ya ufumaji. Menejimenti: fedha za kigeni hakuna, hata za vipuri hazitoshi. Iahirishwe." Mwaka 1985, maneno yaleyale. Mwaka 1987, ajenda ya maziwa kwa sababu ya vumbi: imekubaliwa, nusu lita kwa kila mtu wa shifti ya usiku. Viziba masikio: iahirishwe. Mwaka 1988, iahirishwe. Mwaka 1990: "Mjumbe aulize tena."

Mara kumi na moja. Mjumbe huyo ni yeye.

Niliona hasira zangu zinamwelekea yeye kabla ya kuelekea kwingine kokote, na hili nalikiri. Kwa nini hukugoma? Kwa nini kumi na moja, si mbili na baada ya hapo mashine zizimwe? Baba yuleyule akiwa na miaka ishirini na moja aliingia kiwandani wakati Mwongozo wa TANU wa 1971 bado uko moto, wafanyakazi wanamsomea meneja kifungu cha 15 kinachomkataza kiongozi majivuno na kudharau watu. Alikuwa Dar mwaka 1973, wakati wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walipokishika kiwanda na kukiendesha wenyewe. Alijua kwamba inawezekana.

Lakini alijua na mengine. JUWATA ilikuwa jumuiya ya Chama, yaani CCM. Kiwanda kilikuwa cha serikali ya Chama. Baba alikuwa mwanachama, na alikuwa ametoka kukipigania kile kile alichokuwa sasa anakidai. Upande mmoja wa meza anakaa yeye kwa niaba ya wafanyakazi, upande wa pili meneja kwa niaba ya umma, na kadi zao ni za kijani zote mbili. Mwaka 1986 polisi waliwapiga risasi wafanyakazi wa sukari kule Kilombero. Kwenye kaunta buku, mwezi ule, hakuna kikao. Kuna ukurasa mweupe, na juu yake tarehe tu.

Na kuna sababu nyingine ndogo, ambayo naona ndiyo kubwa. Vumbi la pamba linakohoza. Mtu akipumzika Jumapili, Jumatatu akiingia kifua kinambana, kila mtu anaona, kila mtu anadai maziwa, ingawa maziwa hayasafishi mapafu. Sikio likifa haliumi. Hakuna damu, hakuna homa. Mwenye nalo mwenyewe hajui, anadhani watu wameanza kuzungumza polepole. Baba alikuwa anadai kitu ambacho hata wale aliowadaia hawakukiona.

## Chanika

Mzee wa msibani anaishi Chanika. Nilipewa maelekezo na yule bibi. Nilimkuta amekaa nje kwenye kigoda, anarekebisha mpini wa jembe.

"Shikamoo baba."

Hakuinua kichwa. Nikazunguka, nikasimama mbele yake, nikasema tena kwa midomo.

"Marahaba, mwanangu," akajibu kwa sauti kubwa, ile ya mtu asiyejisikia. "Nilijua utakuja. Niliona umeniona."

Alitaka kuniomba radhi kwa kusema vile msibani. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuja kuomba. Tulikaa mpaka jua likashuka nyuma ya miembe. Mengi yalikuwa ya kumkumbuka baba tu, jinsi alivyopenda chai ya chumvi, jinsi alivyokuwa akiunga uzi uliokatika haraka kuliko kina mama. Nilipoitoa karatasi niliyoikuta ndani ya kaunta buku ya tatu, alinyamaza.

Ni nakala ya kaboni ya fomu ya kuondokea kazini, ya mwaka 1995. Kiwanda kilikuwa kwenye orodha ya kubinafsishwa na watu wanapunguzwa. Kuna swali: je, una ulemavu au madai yoyote yanayotokana na kazi? Kwa mwandiko ule wima, baba ameandika neno moja.

Hakuna.

"Ukiandika unayo," mzee alisema, "unakwenda kwa daktari wa serikali, unapimwa, unasubiri. Ukiandika hakuna, unapokea mwezi ule ule. Baba yako wiki mbili nzima alituzungukia. Jamani msiandike hakuna. Masikio yenu ni mali yenu. Sheria ya fidia ipo tangu mkoloni. Alisema mpaka tukamchoka."

Walikutana chini ya mwarobaini, nje ya geti. Walipiga kura kwa mikono. Mama mmoja alisimama akamuuliza: mwenyekiti, wakati tunasubiri daktari, watoto wale nini? Baba hakuwa na jibu. Mikono ikahesabiwa.

"Akashindwa. Akaniomba kalamu, kalamu yangu mimi, akaandika wa kwanza. Sisi tukafuata. Sikumsemesha karibu miaka minne."

Nilimuuliza kwa nini aliandika wa kwanza. Alikuwa mwenyekiti, angeweza kuandika wa mwisho, angeweza kukataa peke yake. Mzee alitazama jembe lake muda mrefu.

"Hilo ungemuuliza yeye."

Januari 1998 niliingia kidato cha kwanza. Ada ya muhula ule ilitoka kwenye fedha zilizobaki za kiwandani, mama ameniambia. Sijui niliweke wapi jambo hilo, basi naliweka hapa.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umekuja kwa sheria ya 2008, ukaanza kazi 2015. Miaka ishirini baada ya fomu ile. Mzee wa Chanika anaujua, ameusikia kwa wajukuu, yaani ameusoma midomoni mwao.

Nilipotaka kuaga ndipo akaniambia kilichomuuma kule msibani. Hakukisema kwa sauti. Alinigusa mkono nimtazame, akasema kwa midomo, polepole, kama anavyosemeshwa mgeni wa wiki ya kwanza:

"Kama sikio lake ni la vita, la kwangu ni la wapi?"

## Kaburi

Mzee yule hakwenda Uganda. Bibi wa kwenye mkeka hakwenda Uganda. Wale saba au wanane chini ya turubai, sijui kama wawili walikwenda. Wote hawasikii. Nilisimama mbele yao na kipaza sauti, nikampa baba yangu jeraha la heshima, na wao nikawaacha na uziwi usio na mahali ulipotoka. Kwa miaka arobaini mtaa wetu ulifanya hivyohivyo, kwa upendo mtupu. Na iliyonufaika ni menejimenti iliyokuwa ikisema "iahirishwe".

Baba alijua? Hili ndilo ninalogeuka nalo kitandani. Wakati mwingine naona alinyamaza kwa sababu heshima ile ilimfaa, na nani asingeitaka. Wakati mwingine naona alinyamaza kwa sababu ameshaandika "Hakuna" kwa mkono wake mwenyewe, na mtu aliyeandika hivyo atasimama wapi kusema ipo.

Kaka hataki wasifu uguswe. Fundi wa kaburi anasubiri maneno, na kaka ameshampa yake: Askari wa Vita vya Kagera. Tumebishana kwenye simu mara tatu. Anasema namvua baba kombati akiwa amelala. Nimemwambia siondoi kitu, Lukaya ilikuwepo na kiatu kilibaki kwenye tope. Mama ametusikiliza wote, kisha amempigia fundi mwenyewe na kumwambia aandike "Mfumaji" kwanza, na la askari lifuate.

Mimi nimeandika wasifu upya. Jumapili iliyopita niliupeleka Chanika, nikamkuta mzee na yule bibi wamekaa pamoja wakinisubiri. Nilifungua karatasi nianze kusoma, mzee akatikisa kidole.

"Usisome kwa sauti. Sema."

Nikawasemea, kuanzia Usukuma na jembe la mkono. Nikawasemea ajenda ya tano mara kumi na moja. Nikasema masikio yote mawili, banda la ufumaji. Bibi alikuwa akiyafuata maneno kwa midomo yake mwenyewe. Nikafika mahali nilipoandika kwamba alifuma kwa miaka ishirini na tatu, ukitoa mwaka mmoja na nusu aliokuwa vitani, na mzee akainua mkono nisimame.

"Huo usiutoe," akasema. "Mashine yake haikulala hata siku moja. Tuliiendesha sisi, kwa zamu, mpaka aliporudi."